Ufagio wa Mama Leokadia na Miche Yangu Mia Mbili na Kumi

Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka mapema, nikachemsha chai, nikavaa gambuti, nikafika mpaka getini ndipo nikakumbuka kwamba sina pa kwenda. Nilirudi ndani taratibu, nikitumaini majirani zangu wa mtaa wa Izia hawajaniona. Walikuwa wameniona. "Shikamoo mama, leo unachelewa kazini!" akasema kijana wa nyumba ya pili, akicheka. Nikaitikia marahaba, nikavua gambuti, nikachukua daftari. Ndiyo maana mnasoma haya.

Vijana wa kitaluni mliniomba niwaandikie "uzoefu". Sijui sana uzoefu ni nini. Ninachojua ni makosa, na hayo ninayo ya kutosha, nimeyahifadhi vizuri. Vyeo sitaandika. Vimo kwenye faili, na faili lenyewe mchwa walianza kulila kutoka mwisho kurudi mwanzo, kwa hiyo nadhani kwa karatasi zilizobaki mimi bado ni kibarua. Basi nianzie hapo.

Nilikuja mjini Sumbawanga kutoka kijijini Mwimbi baada ya kumaliza darasa la saba, nikakaa kwa shangazi yangu, mtaa wa Katandala. Ilikuwa miaka ya ujamaa. Watu walikuwa wanahamia vijiji vipya, kila mtu anaitwa ndugu, na kila mlima uliokuwa karibu na kijiji kipya ulikuwa unanyolewa kuni. Kitalu cha miche kilikuwa nyuma ya ofisi ya misitu, kando ya kijito. Mkuu wake alikuwa Bwana Ambokile, Bwana Miti kutoka Mbeya, mtu mnene mwenye goti moja bovu na koti moja la sufu ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Hakuniuliza cheti. Alinipa rundo la viriba, ile mifuko myeusi ya kuoteshea miche, akanionyesha lundo la udongo, akasema, "Jaza."

Kufika saa sita wenzangu walikuwa wamejaza mamia. Mimi nilikuwa na thelathini na moja.

"Binti, hiki ni nini?"

"Viriba, Bwana."

"Naona umevipima kwa rula."

"Udongo usipolingana, maji yatasimama upande mmoja."

"Yamekuambia yenyewe?"

Machozi yalikuwa karibu; siku hizo machozi yangu yalikuwa karibu wakati wote.

"Hapa tunaotesha misonobari," akasema. "Hatupambi keki ya harusi."

Lakini hakunifukuza. Alinihamishia kwenye meza ya mbegu, mahali ambapo uchelewaji unaitwa uangalifu.

Niseme wazi jinsi nilivyokuwa, maana kuna mmoja wenu namwona yuko hivyo hivyo na anadhani yuko peke yake. Nilikuwa na hofu ya kukosea kiasi kwamba nilirudi mara tatu kutoka barabarani kuhakikisha nimefunga bomba. Nikiandika kibandiko cha mche, herufi moja ikilala kidogo, natupa bati zima naanza jingine. Vibandiko vyenyewe tulikata kwenye makopo ya siagi na kutoboa herufi kwa msumari. Mama Leokadia, aliyekuwa akifagia ofisi na ghala, alikuwa ananiokotea mabati niliyotupa na kuzibia matundu ya sufuria zake. Alikuwa mama wa makamo kutoka vijiji vya chini ya milima ya Mbizi, mrefu, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Hakujua kusoma. Mimi nilijua, na hilo ndilo lilikuwa tatizo.

Sikusomea miti popote. Nilijifunza kwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada wala kurasa ishirini za mwanzo, na kamusi ya kuazima. Bwana Ambokile alinipa kioo chake cha kukuzia, ukubwa wa kifuniko cha soda, kimefungwa kwa kamba ya kiatu. Nilikivaa shingoni kama msalaba. Somo lake lilikuwa moja tu: "Anza na majani. Maua ni sherehe. Mtu anayekutambua siku ya harusi yako tu, huyo hakujui." Nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari kwa rula. Kulifuata ni jambo jingine, kama mtakavyoona.

Mwaka wangu wa pili, mwishoni mwa mvua, alikuja Mzee Nestori, mwenyekiti wa kijiji kipya kilichokuwa chini ya milima ya Mbizi. Alikuja kwa miguu na chupa ya maji. Aliiweka mezani mbele ya Bwana Ambokile. Maji yalikuwa rangi ya chai ya maziwa.

"Ndugu Bwana Miti, haya ndiyo tunakunywa."

Akaeleza. Watu walipohamia pale walikata kila kitu juu ya chemchemi, kuni na fito na fagio. Sasa mvua ikinyesha mlima unashuka kunywa nao. Ofisi ya wilaya imewaambia wapande mikaratusi, inakua haraka. Wazee wamekataa, wanasema mkaratusi hunywa kuliko ng'ombe, utaikausha chemchemi kabla haijasafika. Kijiji kimekaa, kimekubaliana: kirudishwe kile kichaka kilichokuwepo zamani, cha fagio.

Ninyi mnakifahamu, leo kiko kwenye orodha yetu. Ni kichaka cha ukoo wa Erika, kijani mwaka mzima, vijani vyembamba kama sindano za cherehani, na maua madogo mno kama kengele za sisimizi, yaliyojaa mpaka tawi zima linaonekana limenyunyiziwa unga. Kwa Kifipa kila kijiji kilikuwa na jina lake, na kila kijiji kiliona jina la jirani ni makosa. Mimi nitakiita fagio.

"Kwa nini hicho hasa?" Bwana Ambokile akauliza. "Mlimani kuna vichaka vingi."

"Kwa sababu wanawake watakilinda," Mzee Nestori akasema. "Mti unaokufagilia nyumba huung'oi mzizi. Ukipanda kitu ambacho hakimfai mtu, mbuzi watakula na hakuna atakayesema shii."

Ofisi ya wilaya ilikubali kwa shingo upande, na kwa sharti: mvua za kwanza zikifika bila miche ya fagio, mikaratusi inapanda mlimani. Haikuwa maneno tu. Mikaratusi yenyewe ilikuwa tayari kwenye kitanda cha miche cha mwenzangu wa kazi, inakaribia magoti, inatikisa majani kama watu wanaosubiri kuitwa.

Kazi nilipewa mimi. Bwana Ambokile na goti lake hawakuweza kupanda Mbizi, na alikuwa na safari ndefu ya vijijini. Aliniambia mambo mawili: niteremshe mbegu, na niteremshe magunia mawili ya udongo wa chini ya vichaka vyenyewe.

Mama Leokadia alinisikia nikifunga mzigo. "Nikusindikize, mwanangu. Huko ndiko nakata fagio zangu."

"Asante mama. Nina kitabu."

Naandika sentensi hiyo sasa na bado masikio yanawaka.

Mzee Nestori alinionyesha kwa kidole kutoka kwenye chemchemi, "Kule juu, kile kijani," akarudi kwenye kikao chake. Juu ya mgongo wa mlima upepo ulikuwa unataka kunivua kitenge. Kijani kilikuwepo, tele. Lakini maua yalikuwa yamekwisha, na vichaka vyote vilikuwa na vijani kama sindano. Vingine vilikuwa na mbegu nzuri, za kushikika. Vingine vilikuwa na vitumba vikavu tu ambavyo ukivifikicha unapata vumbi. Kitabu kilisema mengi, ila ukurasa wa kulinganisha ulikuwa kati ya zile ishirini zilizopotea. Nilishikwa na hofu ya kuchuma kichaka kisicho chenyewe. Basi, ili nisikosee, nilichuma kwenye kila kichaka kilichofanana.

Hofu hufikiri hivyo. Ikishindwa kuchagua, inabeba vyote na kujiita makini.

Nilirudi kitaluni na magunia, na punda wa kijiji. Udongo wa mlimani ulinichukiza. Ulikuwa mweusi, una ule ukoga wa kijani uitwao kuvumwani, una vizizi, una nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Niliuchekecha mara mbili. Yale madonge na takataka nikayatupa nyuma ya ghala. Uliobaki niliukaanga juu ya bati mpaka ukatoa moshi, nisiache mdudu wala ugonjwa hai. Halafu nikaulisha: samadi ya zizini iliyoiva, na majivu, kama tunavyofanya nyumbani kwenye matuta ya duara tunayofukia majani kabla ya kupanda. Ulezi ungeota pale mpaka ukaomba radhi. Nilijivuna.

Mbegu nilizitengeneza kama mama yangu alivyonifundisha tangu nikiwa mdogo. Nilizipondaponda kidogo kwenye kinu, nikachukua ungo, nikasimama mlangoni pa ghala upepo wa Mbizi ukivuma, nikapepeta. Mfipa yeyote anajua kanuni: kizito ni chakula, chepesi ni makapi. Nilipepeta mpaka ungo ukabaki na punje safi, nzuri, zinazolingana kana kwamba nimezihesabu. Lile vumbi la kahawia lilipeperuka, likaenea sakafuni na kizingitini. Mama Leokadia akaja na ufagio wake, akalifagia lote, akalitupa nyuma ya ghala.

"Umetimua vumbi, binti msomi," akasema.

"Ni makapi tu, mama."

Nyuma ya ghala kulikuwa na jalala, kwenye kivuli, na juu yake pipa la maji ya kijito lililokuwa linavuja. Nilikuwa nimeandika barua tatu kuomba pipa lile lizibwe. Nashukuru hadi leo kwamba hazikujibiwa, na ndizo barua pekee za maisha yangu ninazozionea hivyo.

Miche iliota baada ya wiki kadhaa. Nilipandikiza mia mbili na kumi. Kipupwe cha Juni kilipokuja niliifunika kwa nyasi asubuhi na kuifunua jua likipanda, mche kwa mche. Mama Leokadia alipokuwa akipita nilimwambia, "Mama, tafadhali, usipite kati ya vitanda vyangu na miguu ya vumbi." Kuna siku alisimama akaanza, "Mwanangu, kule nyuma kuna..." nikamkata: "Baadaye mama, nahesabu." Kufika Oktoba miche ilikuwa imepita shubiri moja, imesimama wima kama gwaride. Nilitoboa vibandiko, *Erika, Mbizi*, herufi hazikulala hata moja. Wageni wa ofisi waliletwa kuiona. Mzee Nestori alikuja akaniuliza, "Binti, una hakika ndiyo yenyewe?" Nikamjibu bila kupepesa, "Nina hakika, Ndugu Mwenyekiti." Akaenda kuwaambia watu wachimbe mashimo.

Siku iliyofuata Mama Leokadia alikuwa anafagia njia. Alisimama mwisho wa kitanda, miguu yake nje ya mpaka kama nilivyoamuru. Aliinama, akashika mche mmoja kwa viganja viwili, kama anayefunga ufagio. Akaachia haraka.

"Hii inachoma," akasema.

"Nini?"

"Fagio haichomi mkono. Ukiifunga inalala. Hii ina ncha. Hii si fagio, mwanangu."

Akaendelea kufagia. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekuambia umevaa kanga nje ndani.

Nilisubiri aende chakula cha mchana. Nikachukua ufagio wake aliouegemeza mlangoni, nikakaa nyuma ya viriba nisionekane, nikavua kioo shingoni. Na hili sasa ndilo somo la utambuzi, kwa hiyo chukueni kalamu. Kwenye ufagio, vijani vilikuwa vimekaa vitatu vitatu kuzunguka kikonyo, kila kimoja na kishikio chake kidogo, kingo zimejikunja chini kama upindo wa sketi. Ncha butu. Na ingawa ufagio ulikuwa umefagia miezi, hapa na pale kulibaki kengele ndogo kavu za kahawia. Ua la Erika halidondoki likifa. Linakauka mahali pake. Ufagio mzee una cheti chake mwenyewe.

Kisha nikatazama mche wangu. Vijani vilitoka kwa mafungu, vimebanwa pamoja chini kwenye ala moja, na kila kijani kimechongoka kama pini. Nilitazama wa pili. Nilitazama arobaini. Kilikuwa ni kile kichaka kingine cha mlimani, ambacho kwa mbali ni pacha wake na kwa karibu hata si ndugu. Nilikuja kusoma baadaye kwamba ni cha ukoo wa mawaridi. Nilikuwa nimeotesha mia mbili na kumi, bila dosari, vyote si vyenyewe.

Sasa ungamo. Nilikaa na jambo hilo siku tatu. Nilijiambia hakuna atakayejua. Kinatoka mlima uleule, ni kijani kilekile, mizizi ni mizizi. Nilijiambia Mama Leokadia hana kitabu. Siku ya tatu nilimwona Mzee Nestori kwa mbali sokoni, amebeba jembe jipya la kuchimbia mashimo, akanipungia mkono. Nilirudi kitaluni nikiwa nakimbia.

Bwana Ambokile alikuwa amerudi safari, amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenyoosha goti. Nilimwambia yote kwa pumzi moja, na mambo mengine ambayo hakuuliza, hata yale ya bomba.

Akauliza: "Nani mwingine anajua?"

"Mama Leokadia."

"Basi Sumbawanga nzima inajua isipokuwa mimi." Akapangusa uso. "Mbegu ulizifanyaje?"

"Nilipepeta."

"Ulipepeta?"

"Kama ulezi."

"Desderia," akasema, na alikuwa hajawahi kuniita jina, "mbegu ya Erika ni vumbi. Ukipiga chafya umepoteza msitu. Na udongo?"

Nilipomwambia nimeukaanga alifumba macho. Akanieleza polepole kwamba kichaka hiki kinataka udongo mchachu na wenye njaa. Majivu ni sumu kwake, samadi inakilevya. Na zile nyuzi nyeupe nilizozichoma ndizo zinazokilisha kwenye mizizi. "Ulimpikia mgonjwa pilau," akasema. "Pilau nzuri sana."

"Mvua zimebaki wiki mbili," nikasema. "Watapanda mikaratusi."

"Watapanda."

Mama Leokadia alikuwa ametokea mlangoni na taka kwenye debe. "Mnatafuta fagio?" akauliza. "Si zimejaa kule jalalani."

Tulimfuata, Bwana Ambokile akichechemea. Nyuma ya ghala, chini ya pipa linalovuja, juu ya yale madonge meusi niliyoyatupa, kulikuwa na kitu kama zulia la kijani. Nilipiga magoti nikidhani ni kuvumwani. Niliweka kioo. Vitatu vitatu. Vishikio vidogo. Kingo zimejikunja. Mamia, labda zaidi, kila kimoja urefu wa kijiti cha kiberiti, vimeota kwenye makapi yangu na kwenye vumbi alilokung'uta Mama Leokadia kila asubuhi akipiga ufagio wake ukutani.

"Mama! Mbona hukusema?"

"Nilianza kusema. Ulikuwa unahesabu."

Bwana Ambokile alicheka mpaka akashika goti.

Lakini vicheko havipandi mlima. Tulikuwa na vijiti vya kiberiti, na kijiji kilikuwa kimeahidiwa vichaka. Bwana Ambokile alisema mkutano wa kijiji uko Alhamisi, na mimi ndiye nitakayesema. Nilimwomba anisemee. Alisema goti linamuuma. Nikamwambia goti halisemi. Akajibu, "Alhamisi litauma mpaka mdomoni."

Mkutano ulikuwa kwenye ghala la mahindi la kijiji. Nilifika na karai la madonge kutoka jalalani, na Mama Leokadia pembeni yangu, amevaa kitenge cha kanisani. Nilisimama mbele ya watu. Nilikuwa nimeandika hotuba. Niliikunja karatasi, nikasema ukweli bila mpangilio. Nikasema miche mliyoiona si fagio. Nikasema niliwaambia nina hakika na sikuwa nayo. Nikasema nilijua kwa siku tatu nikanyamaza. Nikasema fagio ni hii, nikaweka karai chini.

Watu walichungulia.

"Hii?" akasema mama mmoja. "Hii itafagia lini? Mpaka wajukuu zangu wawe na wajukuu?"

"Umetuletea ndevu za mzee kwenye karai!"

Ghala lilipasuka kwa kicheko. Mzee mmoja nyuma akasema mikaratusi ipandwe tu yaishe, na wengine wakaitikia ndiyo, na nikahisi chemchemi inaniponyoka mkononi.

Ndipo Mama Leokadia alipoitoa sauti yake ya ng'ombe. "Ninyi nyote mnalima ulezi. Ulezi ukichipua, ukisimama unautofautisha na magugu?"

Watu wakatikisa vichwa.

"Mnatofautishaje?"

"Tunachuchumaa," akasema yule mama.

"Basi chuchumaeni."

Wakachuchumaa. Nilivua kioo shingoni nikampa wa kwanza, na kikaenda mkono kwa mkono, pamoja na ufagio mzee wa kulinganisha. "Vitatu vitatu," nikasikia mtu akinong'ona, na mwingine, "Sogea, usinizibie mwanga." Mzee Nestori alishika kioo muda mrefu kuliko wote. Aliposimama, alinitazama.

"Binti, una hakika?"

Nilitaka sana kusema ndiyo.

"Nina hakika na majani," nikasema. "Kama vitaishi mlimani, sina. Vingi vitakufa kiangazi cha kwanza. Sijawahi kuviotesha, vimejiotesha vyenyewe."

"Mara ya kwanza ulisema una hakika."

"Ndiyo, Ndugu Mwenyekiti."

"Afadhali leo," akasema, akawageukia watu. "Wanaotaka tungoje, mikono juu."

Sikuhesabu. Bwana Ambokile alihesabu. Kijiji kiliamua kungoja mvua mbili, na Mzee Nestori akaenda mwenyewe kwa miguu kuieleza ofisi ya wilaya. Sijui aliwaambia nini, alirudi akasema tu, "Wamechuchumaa."

Tulipanda kwa madonge, udongo wake na kuvumwani yake, bila kuvitenganisha, mvua ya kwanza ikitunyeshea. Ndivyo mnavyopanda hadi leo, na sasa mnajua kanuni hiyo ilitoka wapi. Ile miche yangu mia mbili na kumi wanawake waliiomba. Inachoma, wakasema, ni nzuri kwa kuzuia mbuzi. Ikapandwa kuzunguka fagio kama uzio, na vibandiko vyangu vya *Erika, Mbizi* Mama Leokadia aliving'oa kimoja kimoja akaenda kuzibia sufuria.

Kiangazi cha kwanza zaidi ya nusu ya fagio zilikufa. Nilipanda mlimani kila Jumamosi kuzitazama zikifa. Mvua za pili tulijazia kutoka jalalani. Mwaka wa nne Mzee Nestori alikuja kitaluni na chupa. Sitawadanganya kwamba maji yalikuwa safi kama kioo. Kulikuwa na wingu kidogo chini. Ila juu, shingoni mwa chupa, uliweza kuona upande wa pili, na kwenye kifuniko alikuwa amechomeka tawi lenye kengele.

Baada ya hapo kulikuwa na miaka mingi, miti mingi, na makosa mengine ambayo sitayaandika kwa sababu baadhi yenu mlikuwepo. Bwana Ambokile alirudi Mbeya na koti lake. Mama Leokadia alifagia mpaka nguvu zikaisha. Alipoacha, aliniachia ufagio wa mwisho aliofunga, na mimi niliufunga upya kila ulipochakaa, kwa matawi ya pale pale juu ya chemchemi, nikisubiri zamu yangu ya kukata kama wanawake wengine.

Mlininunulia keki siku ya kuniaga. Asanteni; ilikuwa imepambwa vizuri, nililiangalia kwa makini lile jina langu na herufi moja ilikuwa imelala, sikusema kitu. Mlipoondoka nilibaki nikafagia ofisi mwenyewe. Niliupiga ufagio ukutani mara tatu, kama yeye. Taka nimezitupa nyuma ya ghala, chini ya pipa. Naambiwa mmepata bajeti ya kulisafisha lile eneo na kuweka pipa jipya lisilovuja. Naomba mngoje mvua zipite, halafu mwende mkachuchumae kwanza.